Donda la Punda ni la Nani? Sheria na Utelekezaji wa Farasi na Punda Zanzibar

Kabla ya masika nilisimama kando ya barabara iendayo Mkokotoni kumpisha punda aliyekuwa akivuta gari la matofali. Kamba ya nailoni iliyompita kifuani ilikuwa imekata ngozi na kuacha ufa mwekundu uliojaa nzi. Kwato za mbele zilikuwa zimerefuka mpaka zimepinda, kwa hiyo kila hatua aliikanyagia kisigino kwanza. Aliyemwongoza alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne hivi, hana fimbo wala bakora, anampigia mluzi tu. Nilipomwuliza kwa nini mnyama yule hajapumzishwa, alinijibu kwa adabu: "Shikamoo, ami. Huyu si wangu. Mie naendesha tu, jioni napeleka hesabu."

Jibu lile limebeba tatizo zima ninalotaka kulieleza hapa. Mnyama anaumia, lakini hakuna aliyempiga. Aliye karibu naye si mwenye mali, na mwenye mali hayupo. Watu wengi wakisikia "sheria ya kuwalinda wanyama" hufikiria mtu anayempiga farasi kwa kiboko hadharani, na kosa la namna hiyo ni jepesi kulieleza na jepesi kulithibitisha. Utelekezaji ni jambo jengine. Unatokana na yale yasiyofanywa: maji ambayo hayakuletwa, kwato ambazo hazikukatwa, donda ambalo halikusafishwa. Sheria nyingi za zamani zilitungwa kumshika mtu kwa alichokitenda, na hapo ndipo farasi na punda wa Visiwani wanapoponyoka mikononi mwake.

Wapo watakaosema kwamba farasi si mnyama wa kwetu, hivyo suala hili ni dogo. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi farasi walikuwa wachache, na moja ya sababu zake ni mbung'o. Unguja ilikuwa na aina moja ya mbung'o, Glossina austeni, waenezao nagana, ugonjwa unaomdhoofisha farasi haraka kuliko ng'ombe. Mbung'o hao walimalizwa kwa kuachiliwa madume waliohasiwa kwa mionzi, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo. Pemba haikuwa naye tangu mwanzo. Leo mgeni anaweza kukodi farasi na kumpanda ufukweni kaskazini na mashariki mwa Unguja. Na punda, ambaye wazee wetu humwita kihongwe, hajawahi kuondoka: anabeba mchanga, maji, kuni na matofali. Wawili hawa ni jamaa moja kimaumbile, na sheria za nchi nyingi huwaweka pamoja na nyumbu, kwa hiyo nami nitawazungumzia pamoja.

Jambo la kwanza la kulifumbua ni sheria ipi inayotumika. Ukimwuliza mtu aliyesoma kidogo habari hizi, atakutajia haraka Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na ataisifu. Inastahili sifa, kwa kuwa imeandika waziwazi kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia na kwamba anayemfuga ana wajibu juu yake. Lakini ni sheria ya Tanzania Bara. Ibara ya 64 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema kwamba sheria iliyotungwa na Bunge haitumiki Zanzibar ila kwa masharti, likiwemo sharti la kutamka wazi kwamba itatumika pande zote mbili. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 132, inalifunga jambo hilo kwa upande wetu: sheria ya Bunge iwe inahusu mambo ya Muungano tu, na ipelekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Mifugo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo mtu anayemwona farasi aliyekonda Nungwi, akaenda kituo cha polisi na nakala ya sheria ya 2008 mkononi, amebeba ufunguo wa nyumba nyengine. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wenye nia njema wakirudishwa kwa hoja hiyo hiyo, wakakata tamaa na kudhani kwamba Zanzibar haina sheria kabisa.

Zanzibar ina sheria zake. Ya kuanzia ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Wanyama, Namba 11 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo msingi wa kazi ya wataalamu wa mifugo wa Serikali. Pembeni yake ipo Sheria ya Adhabu, Namba 6 ya mwaka 2018, na chini yao zipo sheria ndogo ambazo mabaraza ya miji na halmashauri yanaweza kuzitunga kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Namba 7 ya mwaka 2014. Yupo pia sheha, ambaye nafasi yake imewekwa na Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 8 ya mwaka 2014, na ambaye kwa mtu wa kijijini ndiye mlango wa karibu kuliko yote.

Anayetaka kujua kama kifungu chochote kinamlinda mnyama dhidi ya kutelekezwa, na akisome kwa kujiuliza mambo matatu. Je, kinataja kutofanya, au kinataja kufanya tu? Kinamtaja nani: aliyeshika hatamu, au na mwenye mali pia? Na je, kinampa ofisa nguvu ya kuingilia kati mnyama akiwa bado yu hai, au kinasubiri afe ndipo kitoe adhabu?

Chukua mfano wa kosa la kuua, kulemaza au kujeruhi "mnyama anayeweza kuibwa", kosa linaloonekana katika sheria za jinai zilizoachwa na Waingereza Afrika Mashariki. Maneno hayo yenyewe yanaonyesha kinacholindwa. Mnyama anayeweza kuibwa ni mnyama mwenye mwenyewe, na anayelindwa ni mwenyewe, asitiwe hasara katika mali yake. Jirani akimkata punda wako panga, kifungu cha namna hiyo kitakusaidia. Wewe ukimwacha punda wako mwenyewe bila maji siku tatu, hakuna mwenye mali aliyetiwa hasara ila wewe, na kifungu kinanyamaza. Si kwamba kina kasoro. Kilitungwa kwa kazi nyengine. Kosa ni letu tunapokitegemea kifanye kazi ambayo hakikutumwa.

Inafaa kuangalia jinsi sheria za Kiingereza, ambazo zimeathiri sana za kwetu, zilivyosafiri kutoka ukatili hadi utelekezaji, kwa sababu safari hiyo inaonyesha ni maneno gani hasa yanayoleta tofauti. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopiganiwa na mbunge Richard Martin, ikawataja farasi, nyumbu, punda, ng'ombe na kondoo. Makosa yake yalikuwa kupiga, kudhulumu na kutesa, yaani matendo. Sheria ya mwaka 1911 iliongeza neno dogo lenye uzito mkubwa: mtu alikuwa na hatia ikiwa amemsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima kwa kutenda au kwa kuacha kutenda. Ikaongeza tena kwamba mwenye mnyama atahesabiwa kuwa ameruhusu ukatili ikiwa hakuwa na uangalizi na usimamizi wa kiasi cha haki. Hapo kauli ya "sikuwepo" ikaacha kuwa kinga, maana kutokuwepo ndiko kunakolalamikiwa.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 2006 ya England na Wales. Hii haisubiri mateso. Kifungu chake cha 9 kinamwekea mwenye dhamana wajibu wa kumpatia mnyama mahali panapofaa, chakula kinachofaa, nafasi ya kuishi kwa tabia zake za asili, mwenzake au kutengwa naye kulingana na hali yake, na kinga dhidi ya maumivu, majeraha na maradhi. Na mwenye dhamana ni nani? Kifungu cha 3 kinajibu kwamba ni yeyote aliyemshika mnyama, kwa kudumu au kwa muda, na kwamba mwenye mali huhesabiwa kuwa na dhamana siku zote. Ikiwa aliyemshika ni mtoto wa chini ya miaka 16, dhamana inamfika mtu mzima anayemlea mtoto huyo. Nikiisoma sheria ile namkumbuka yule mtoto wa Mkokotoni. Angekuwa huko, neno lake "huyu si wangu" lisingeufunga mlango, bali lingeufungua kuelekea kwa watu wazima wawili.

Hatuna haja ya kwenda mbali vile ili kupata mfano. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inayotaja pamoja na kupiga mambo kama kumpakia mnyama mzigo uliomzidi na kumnyima chakula na maji. Lamu, mji ambao punda ndiye mchukuzi wake mkuu, umekuwa na hospitali ya punda tangu 1987. Nayo ni sehemu ya ulinzi, kwani sheria inayomtaka mtu amtibu mnyama wake humwonea ikiwa hapana pa kumtibia.

Juu ya sheria za nchi upo mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, ambalo mwaka 2016 lilipitisha sura maalumu juu ya ustawi wa farasi, punda na nyumbu wanaofanya kazi. Mwongozo huo haumpeleki mtu mahakamani. Unasaidia kama kipimo cha daktari anapoulizwa matunzo ya kawaida ni yapi. Una mpaka wake pia: unawahusu wanyama wa kuvuta na kubeba, na unawaacha nje wale wa michezo na starehe. Farasi wa ufukweni, anayempandisha mtalii kwa ajili ya starehe ya mtalii na riziki ya tajiri, anaangukia kati. Kwangu mimi ni mfanyakazi kama punda wa matofali, na sheria ndogo itakayotungwa kwetu isimwache nje kwa sababu tu mzigo wake unapiga picha.

Kuna chanzo chengine ambacho watu wa Visiwani wanakijua bila ya kukihesabu kuwa ni sheria. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wanazuoni wa Kishafii wa mwambao huu wamekisomesha kwa vizazi, mlango wa nafaka, yaani matunzo ambayo mtu anadaiwa kwa walio chini yake (si nafaka ya mahindi na mpunga), haukomei kwa mke, watoto na wazazi. Unafika kwa mnyama. Ni juu ya mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa: ikiwa mnyama ni wa kuliwa, basi amlishe, amuuze au amchinje, ikiwa si wa kuliwa, amlishe au amuuze. Tazama namna hukumu hiyo inavyowatenga wanyama wetu wawili. Nyama ya farasi ni halali kwa madhehebu ya Shafii, kwa hiyo mwenye farasi ana njia tatu. Nyama ya punda wa kufugwa ni haramu, kwa hiyo mwenye punda ana njia mbili tu, na kumwacha afe polepole kando ya barabara si mojawapo. Mwanachuoni aliyefariki mwaka 1277 aliandika utelekezaji kuwa ni kuvunja wajibu, akamtaja mwenye mali kwa sifa yake ya kumiliki, akampa hakimu nguvu ya kuingilia kabla ya mauti. Yale mambo matatu niliyoyataja yote yamo.

Hata hivyo, hukumu hiyo haiendi mahakamani kwa njia ya Kadhi. Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar, kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2017, inashughulikia mambo ya Waislamu kama ndoa, talaka, malezi na mirathi. Shauri la punda aliyekonda halimo. Ila nadhani ni kosa kubwa kuiacha hukumu ile mlangoni pa msikiti. Diwani anayetaka sheria ndogo ikubalike kijijini hahitaji kuanza na London wala Paris. Aanze na nafaka, neno ambalo kila mtu analijua uzito wake, kisha aonyeshe kwamba sheria ndogo inaandika tu kile ambacho mwenye punda tayari anadaiwa.

Nirudi kwenye hesabu ya yule mtoto, maana hapo ndipo pagumu zaidi. Katika daladala kila mtu anaujua mgawanyo: mafuta ni ya dereva, matengenezo ni ya tajiri, na jioni hesabu inapelekwa. Gari la punda linaendeshwa kwa mapatano yale yale, lakini haisemwi popote pumba ni za nani, maji ni ya nani, na donda ni la nani. Mwendeshaji hutaka safari nyingi ili hesabu itimie na abakiwe na chochote. Tajiri humwona mnyama usiku, au hamwoni kabisa. Gharama ya matunzo inaanguka katikati yao, na mnyama anailipa kwa mwili wake. Sheria ikimshika mwendeshaji peke yake, itamshika maskini aliye karibu na kumwacha anayepokea pesa. Ikimshika tajiri peke yake, itampa mwendeshaji ruhusa ya kumvutisha punda mwenye donda bila kujali. Kwa hiyo lazima wote wawili watajwe, na mwenye mali asiweze kuutoa wajibu wake kwa mapatano ya mdomo.

Tuseme basi kifungu kipo na mtu anataka kulalamika. Kinachoharibu malalamiko mengi ni ushahidi. "Farasi alikuwa amekonda" ni maneno ambayo wakili yeyote atayayeyusha, kwa sababu mnyama hukonda kwa minyoo, kwa meno mabovu, kwa uzee na kwa ugonjwa, hata akiwa analishwa. Kinachohitajika ni mambo yanayoonyesha muda. Kwato ni shahidi mwema kwa hilo. Kwato za farasi hukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na ukizikuta zimepinda kama ncha ya mtepe ujue ni miezi mingi, si wiki moja aliyosafiri tajiri. Donda la kamba nalo lina umri: lenye kingo ngumu, nyeupe, lililofungwa na kufunguka tena, si la jana. Hali ya mwili hupimwa kwa mkono. Pitisha kiganja juu ya mbavu, uti wa mgongo na nyonga. Wataalamu hutoa alama kuanzia 1 hadi 5, na mnyama wa alama 1 mifupa yake yote inahesabika kwa macho. Halafu angalia mazingira yake. Farasi wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu cha kilo 8 hivi kwa siku, na maji lita 20 hadi 40, zaidi akifanya kazi juani. Ikiwa mahali anapofungwa pana ndoo moja ndogo iliyokauka, ndoo hiyo ipigwe picha pamoja naye.

Punda ana shida yake zaidi: huyaficha maumivu. Farasi mgonjwa hujigaragaza na kutoa jasho, lakini punda husimama kimya, ameinamisha kichwa, na watu husema ametulia au ni mvivu. Ndiyo maana kauli ya daktari wa mifugo ina uzito kuliko picha mia. Peleka habari kwa sheha na kwa ofisa mifugo wa wilaya siku moja, kwa maandishi, ukitaja tarehe, saa na mahali, kisha rudi baada ya siku kadhaa uandike tena. Malalamiko mawili yaliyoachana kwa wiki mbili, donda likiwa lile lile, yanaonyesha kuacha kutenda kwa namna ambayo lalamiko moja kali haliwezi.

Nisingependa kila shauri liishie mahakamani. Wenye punda wengi si watu wakatili. Ni watu wa kipato kidogo wanaomtumia mnyama kama walivyowaona wazee wao wakimtumia, na kifungo cha mwenye punda hakimponyeshi punda. Sheria ile ya 2006 ina hatua moja ambayo ningeiazima leo hii: ilani ya kurekebisha. Mkaguzi humwandikia mwenye mnyama ni lipi limepungua, afanye nini, na kwa muda gani, na muda huo ukiwa haujaisha, hapelekwi mahakamani kwa jambo hilo. Akipuuza, ndipo mashtaka yanakuja, na ilani yenyewe inakuwa ushahidi kwamba alijua. Mnyama aliye taabani hasubirishwi ilani. Daktari akithibitisha kwamba anateseka, huchukuliwa. Halmashauri inaweza kuandika hatua kama hizo katika sheria ndogo ya kurasa chache, pamoja na kazi nyonge lakini muhimu ya kuandikisha kila farasi na kila gari la punda, na namba kubandikwa gari lenyewe.

Bila namba hiyo, yote niliyoyaeleza hayana pa kuanzia. Gari lile la matofali halikuwa nayo. Nilimwuliza mtoto jina la tajiri wake, akanitajia jina la utani ambalo mtaani pale wanaitwa watu watatu, na shehia aliyonitajia siyo ile ambayo punda alikuwa akilala. Alikunja kipande cha gunia, akakitia chini ya kamba mahali palipochubuka, akampigia mluzi, wakaondoka.